Sura ya 6: Vumbi kwenye Mlango wa Mwanga

Mwezi Septemba 2011, wanafizikia wa jaribio la OPERA walitoa tangazo lililoitikisa dunia ya sayansi. Chembe ziitwazo neutrino, zilizorushwa kutoka maabara ya CERN karibu na Geneva na kupita ndani ya ardhi kilomita 730 hivi hadi Gran Sasso nchini Italia, zilionekana kufika nanosekunde 60 kabla ya muda ambao mwanga wenyewe ungefika. Kwa fizikia tunayoijua, hakuna kinachoushinda mwanga mbio. Wanasayansi wale hawakujigamba. Walikuwa wamezikagua hesabu zao kwa miezi bila kuona kosa, wakawaomba wenzao wa dunia nzima wazikague tena.

Kosa lilitangazwa mapema mwaka 2012, tena lilikuwa mbali na hesabu. Saa ya jaribio, iliyokuwa chini ya mlima, ilipokea majira ya GPS kutoka juu kupitia waya wa faiba wenye urefu wa kilomita 8 na ushei, na konekta ya waya huo haikuwa imekazwa hadi mwisho. Mwanga ulipita, ila ulipita ukiwa dhaifu. Kigunduzi kilichoupokea kikawa kinachukua muda zaidi kufikia kiwango cha kuitika, na ucheleweshaji huo ulizidi kidogo nanosekunde 70. Kasoro nyingine ndogo ya saa ilivuta upande wa pili, ikabaki ile tofauti ya 60. Kasoro hizo ziliporekebishwa, neutrino zikarudi kwenye mwendo wao halali.

Konekta ile ilikuwa imelegea. Hapakuwa na habari ya uchafu. Hata hivyo uchafu hutenda vilevile, kwa sababu nao hauzimi chombo. Waya wa umeme ukikatika, taa huzima na fundi anajua pa kuanzia. Mahali kioo kinapokutana na kioo, mwanga huendelea kupita ukiwa pungufu, au hupita huku sehemu yake ikirudi ulikotoka, na chombo kinaandika tarakimu kwenye skrini kama siku zote. Ndiyo maana nakataa kabisa mazoea ya kuuhesabu usafi wa vyombo vya faiba kuwa kazi ya utunzaji, inayosubiri siku yenye nafasi. Kusafisha ni sehemu ya kupima. Kipimo kilichochukuliwa kupitia uso ambao hakuna aliyeukagua hakistahili kuingia kwenye ripoti.

Tuone kwanza ukubwa wa hicho kinachosafishwa. Uzi wa faiba ya modi moja, ile ya mikongo ya masafa marefu, una unene wa mikroni 125, na mwanga hauenei unene wote huo. Husafiri ndani ya kiini cha katikati chenye kipenyo cha mikroni 9 hivi. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu ina upana wa mikroni 7 au 8, kwa hiyo chembe moja tu ya damu inatosha karibu kuziba njia yote. Uzi hushikwa ndani ya feruli, ile pini nyeupe ya kauri yenye kipenyo cha milimita 2.5 kwenye konekta za SC na FC, na milimita 1.25 kwenye LC. Feruli mbili hukutanishwa ndani ya adapta, na springi huzisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja. Ncha zake zimesuguliwa zikawa na mbinuko mdogo, hivyo nguvu yote huangukia eneo la katikati lisilofika nusu milimita, na kioo hugusana na kioo bila hewa yoyote baina yao.

Hewa hiyo ndiyo inayohofiwa. Mwanga unapotoka kwenye kioo kuingia hewani, takriban asilimia 3.5 yake hurudi nyuma, na unapoingia kwenye kioo cha pili hurudi kiasi kama hicho. Punje ya vumbi ikikaa kati ya ncha mbili, hata ikiwa pembeni mwa kiini, huzizuia zisigusane, na pengo hilo jembamba linageuka kioo cha kujitazamia. Ikiwa ni punje ngumu, kama ya mchanga, springi huikandamiza mpaka ichimbe kioo, au huivunjavunja ikawa vipande vinavyosambaa kuelekea katikati kila konekta inapochomolewa na kuchomekwa. Fundi anayeshauri “chomoa uchomeke tena, labda itakaa vizuri” anasaga kioo bila kujua.

Faiba yenyewe ilizaliwa kutokana na hoja ya usafi. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi Harlow nchini Uingereza, waliandika kwamba kioo kingeweza kubeba mawasiliano ya masafa marefu iwapo upotevu wake ungeshushwa chini ya desibeli 20 kwa kilomita. Kilichozuia, walisema, kilikuwa takataka zilizomo ndani ya kioo, hasa chembechembe za metali kama chuma. Mwaka 1970 watafiti wa kampuni ya Corning nchini Marekani walikivuka kiwango hicho, na mwaka 2009 Kao akapewa tuzo ya Nobel. Leo faiba nzuri hupoteza desibeli 0.2 hivi kwa kilomita kwenye mwanga wa nanomita 1550. Hebu piga hesabu: konekta chafu inayopoteza desibeli 1 imekula mwanga sawa na kilomita 5 za kioo kilichotakaswa kwa jasho la vizazi viwili vya wanasayansi. Na mara nyingi kilichosababisha ni alama ya kidole.

Mwaka huohuo wa 2009, mwezi Julai, mkongo wa SEACOM ulianza kazi ukiwa umetua Mombasa na Dar es Salaam. EASSy ukafuata mwaka 2010. Kutoka pwani nyuzi zimetambaa kwenda bara hadi Kampala, Kigali na Bujumbura, na wanaozipima hufanya kazi nje: ndani ya mashimo yenye unyevu wa chumvi kule pwani, na kwenye vumbi jekundu la kando ya barabara huku bara. Chombo chao kikuu ni OTDR, ambacho kwa hakika ni kipima mwangwi. Hurusha mpigo mfupi wa mwanga, kisha husikiliza kinachorudi, na kwa kuhesabu muda huchora mstari unaoonyesha kila kiungo, kila mkunjo na mahali uzi ulipokatika. Mwangwi wa kioo ni hafifu mno. Uso wa poti ukiwa mchafu, mwanga mwingi hurudi palepale mwanzoni na kukipofusha kigunduzi, na mita nyingi za mwanzo zinazama katika kiza ambacho hakuna kitu kinachoonekana ndani yake. Mstari unaofuata huwa na mkia usio wa kweli, na masafa ambayo chombo kingeweza kuona hupungua. Kinachosikitisha ni kwamba lawama humwangukia mwingine. Ripoti inasema kiungo cha kwanza ni kibovu, watu wanatumwa kufukua, na kiungo kinakutwa kizima.

Tena chombo hakiugui peke yake. Paneli moja inaweza kuwa na nyuzi 144, na poti ileile inaunganishwa nazo moja baada ya nyingine. Ikiwa na uchafu inaugawa kwa zote, na kila uzi mchafu unaiachia wake. Ni sindano moja inayochoma wagonjwa wote wa wodi.

Sasa tuje kwenye usalama, na tuanze na macho kabla ya kioo. Mwanga wa mawasiliano hauonekani. Nanomita 1310 na 1550 ziko nje kabisa ya uwezo wa jicho, kwa hiyo jicho halipepesi wala halikimbii, na retina haina hisia ya maumivu ya kumwonya mwenyewe. Nanomita 850, inayotumika kwenye faiba za modi nyingi, inadanganya zaidi: ikiwa na nguvu huonekana kama wekundu uliofifia, na mtu akadhani ni mwanga dhaifu ilhali kinachofika nyuma ya jicho ni kikubwa kuliko anachokiona. Wapo wanaojaribu kwa kamera ya simu. Kamera hizo huweza kuinasa 850, lakini sensa zake za silikoni hazioni chochote kwenye 1310 wala 1550. Skrini ya simu ikibaki nyeusi, haijathibitisha kitu. Kinachothibitisha ni pawa mita, pamoja na kujua kwa hakika kwamba upande wa pili umezimwa na mtu unayemwamini, ambaye hatauwasha kabla hujampigia.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya mafunzo hulipitia haraka, nami nataka tukae nalo. Mwanga unaotoka kwenye ncha ya faiba hutawanyika upesi, hivyo kwa leza nyingi za kawaida hatari hupungua sana ncha ikiwa mbali na uso. Hadubini inavunja kinga hiyo. Lenzi zake hukusanya mwanga uliokuwa ukitawanyika na kuupeleka wote ndani ya mboni. Ndiyo sababu viwango vya kimataifa vya usalama wa leza vina daraja liitwalo 1M, la leza ambazo hazina madhara kwa jicho tupu lakini zinaweza kumdhuru anayezitazama kupitia lenzi. Fundi mwangalifu, anayetaka kukagua kabla ya kuunganisha kama alivyofundishwa, ndiye hasa aliye hatarini akitumia hadubini ya zamani ya kuchungulia kwa jicho kwenye uzi ulio hai. Hadubini ya kamera inayoonyesha picha kwenye skrini imelitatua tatizo hili, kwa kuwa baina ya leza na jicho hakuna tena njia ya mwanga. Kwa maoni yangu hadubini ya kuchungulia haifai kuwemo kwenye sanduku la fundi yeyote anayefanya kazi kwenye mitambo yenye vikuza mwanga.

Vikuza mwanga vya erbi, vilivyoanza kufanya kazi maabara mwaka 1987, vinaweza kutoa miliwati 100 na zaidi. Nguvu hiyo ikipita katika kiini cha mikroni 9 na kukuta chembe ya masizi au mabaki ya kitambaa, chembe huungua palepale na kuacha kovu kwenye kioo. Kwenye nguvu za wati kadhaa kuna jambo la kuogofya zaidi, lililoripotiwa mwishoni mwa miaka ya 1980: joto la mahali pachafu huwasha moto mdogo ndani ya kiini, na moto huo husafiri kurudi kwenye chanzo cha mwanga kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde, ukiacha nyuma yake msururu wa viputo. Uzi wote uliopitiwa umekufa. Kwa hiyo konekta ya mtambo wa aina hii haichomolewi wala haisafishwi mwanga ukiwa unapita, hata kama mteja analalamika kwenye simu.

Baada ya macho ndipo tunakiangalia chombo. Zima leza yake. Ikiwezekana zima chombo chote, kisha ujue ni uso wa aina gani ulio mbele yako. Hapa ndipo vyombo vingi vya bei kubwa huharibiwa na watu wenye nia njema, kwa sababu nyuso hizi hazifanani.

Aina ya kwanza ni ile ya OTDR na vyanzo vingi vya mwanga: ndani ya poti kuna feruli kamili inayosubiri kugusana na feruli ya waya wako. Hii huvumilia kusuguliwa kwa utaratibu. Kwenye vyombo vilivyobuniwa vizuri adapta ya nje hufunguka kwa mkono, feruli ikabaki wazi na kusafishwa kama ya waya wowote. Adapta nayo isafishwe, maana mrija wake wa ndani hukusanya unga wa kauri na plastiki kila konekta inapoingia na kutoka. Usisafishe feruli kisha ukairudishia adapta iliyojaa vumbi. Ikiwa adapta haifunguki, tumia kisafishio cha kalamu, kile kinachoingizwa na kusukumwa mpaka kilie “klik” huku utepe mpya ukizunguka juu ya ncha, au kijiti chembamba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, cha milimita 2.5 au 1.25 kulingana na poti.

Aina ya pili ni dirisha la pawa mita. Kigunduzi chake ni kipana kuliko kiini mara nyingi sana, na kwa kawaida feruli haikigusi. Vumbi dogo halikisumbui kama linavyoisumbua OTDR, na kukisugua kwa bidii kunaweza kukigharimu zaidi ya kukiacha. Hewa safi kwanza. Alama ya kidole ikibaki, kijiti laini chenye alkoholi kidogo kipite mara moja bila kukandamiza, kisha kikavu kifuate.

Aina ya tatu ni lenzi iliyozama ndani ya chombo, kama ilivyo kwenye baadhi ya vyombo vya maabara. Lenzi hizi huwa na utando mwembamba wa kuzuia mwakisiko, na baadhi zimeshikiliwa kwa gundi inayoweza kulainishwa na alkoholi. Utando ukikwaruzwa haurudi. Hapa nasema wazi: hewa tu, na kitabu cha mtengenezaji kikiwa kimefunguliwa mezani. Kikisema chombo kirudishwe kwa fundi wa kiwanda, basi kirudishwe.

Kwa feruli, anza na ukavu. Vumbi jingi huondoka kwa kaseti ya kusafishia au kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, ncha ikiburutwa mara moja kwa upande mmoja. Usirudi juu ya njia iliyokwisha kutumika, maana uchafu umelala pale. Hadubini ikionyesha mafuta au punje iliyogoma, ndipo alkoholi inaingia. Lowesha doa dogo kwenye kitambaa, anzia kwenye doa hilo na umalizie kwenye sehemu kavu, kwa mburuto mmoja. Sehemu kavu ina kazi yake: alkoholi ikiachwa ijikaukie, mafuta iliyoyayeyusha hubaki yamechora duara kwenye kioo. Nayo sehemu yenye unyevu ina kazi yake, kwa sababu kusugua kauri kavukavu kwa muda mrefu huzalisha umeme tuli unaovuta vumbi jipya kutoka hewani.

Alkoholi yenyewe iwe isopropili ya asilimia 99 au karibu na hapo. Ile ya famasi ya asilimia 70 imechanganywa na maji, na mara nyingine na vitu vingine vya kulainisha ngozi, ambavyo vyote huacha alama. Spiriti ya rangi ya kuwashia taa isisogezwe karibu. Hata ile safi hunywa unyevu wa hewa chupa ikikaa wazi, jambo ambalo watu wa Tanga au Lamu hawana haja ya kuelezwa mara mbili. Inashika moto kwa urahisi katika joto letu la kawaida, kwa hiyo iwe kwenye chupa ndogo iliyofungwa, mbali na tochi ya gesi na mashine ya kuunganishia nyuzi ambayo hutoa cheche. Acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha leza.

Kopo la hewa ya kupuliza lishikwe wima bila kutikiswa, na mpulizo wa kwanza uelekezwe pembeni. Likiinamishwa hutema kimiminika chake na kuacha utando juu ya kioo. Pumzi ya mdomo ina mate na mafuta, hata ya mtu aliyepiga mswaki. Vijiti vya pamba vya masikioni huacha nyuzi, na vingine vina gundi inayoyeyuka ndani ya alkoholi. Shati halifai, wala karatasi ya chooni. Mafuta ya kuziba pengo la hewa, ambayo baadhi ya mafundi hupenda kuyapaka ili kipimo kionekane kizuri, nayaogopa kuliko vyote hivi, kwa kuwa yananasa mchanga na kuupeleka hadi ndani ya poti.

Kisha kagua tena. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61300-3-35 kinaugawa uso wa feruli kwa maduara, na duara la katikati lenye kipenyo cha mikroni 25 ndilo lenye masharti makali kuliko yote kwa faiba ya modi moja. Hadubini nyingi za kisasa hulichora zenyewe na kutoa hukumu. Kagua pande zote mbili, poti na waya, kwa sababu kusafisha upande mmoja na kuuunganisha na upande mchafu ni kuhamisha uchafu tu. Usitegemee kifuniko cha plastiki kilichokuja na waya: huzuia mikwaruzo, lakini ndani yake mara nyingi mna unga na mabaki ya kiwandani, na waya mpya uliotoka kwenye mfuko wake leo unaweza kuwa mchafu kuliko wa mwaka jana. Vifuniko vyenyewe viwekwe kwenye mfuko uliofungwa wakati wa kazi. Mfuko wa suruali haufai.

Wapo wanaosafisha kupita kiasi, wakipangusa poti kila dakika bila kuiangalia. Nao wanakosea, kwa kuwa kila mguso una uwezekano wa kuleta punje mpya. Kagua kwanza, ikiwa safi, iache.

Lakini poti itachakaa tu, hata mikononi mwa fundi bora. Kovu likishakuwa kwenye kiini, hakuna kitambaa kitakacholitoa. Chombo kitapelekwa kwa mtengenezaji, feruli isuguliwe upya au ibadilishwe, na kwa wengi wetu mtengenezaji yuko ng'ambo, kwa hiyo chombo kitakosekana kazini kwa muda mrefu. Njia ya kuiahirisha siku hiyo ni rahisi: unganisha kwenye poti waya mfupi ulio safi kabisa, mara moja, asubuhi, baada ya kukagua pande zote mbili, kisha kutwa nzima nyuzi za kupimwa ziunganishwe kwenye ncha ya pili ya waya huo. Ncha hiyo ndiyo itakayosuguliwa na kukwaruzwa. Kwa OTDR tumia waya wa kuanzia wenye mita mia kadhaa, ambao pia husogeza kiza cha mwanzoni mbali na kiungo cha kwanza ili kiungo hicho kionekane. Waya ukikwaruzwa unatupwa na kununuliwa mwingine, kwa sehemu ndogo sana ya bei ya poti.